Springi za tela zinakufa mapema: tusiisingizie barabara peke yake



Leo naomba tuongee springi za tela. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya gereji, yanatuhusu nini sisi. Lakini huku kwetu Rudewa, wilayani Kilosa, tela ndilo linalotoa mpunga na mahindi shambani, ndilo linalobeba mkonge, matofali, mchanga, na hata jamaa wanaohama nyumba. Springi ikikatika tela likiwa na mzigo, ekseli inasogea upande mmoja, tairi linagusa bodi, tela linavuta kuelekea mtaroni, na juu ya magunia mara nyingi wamekaa vibarua wanarudi nyumbani. Hapo hatuongelei tena bei ya spea, tunaongelea roho za watu.

Mimi nimo kwenye kazi hii ya kusafirisha mazao na kuhangaika na matela, na kila msimu wa mavuno nasikia kauli ile ile: "Barabara zetu mbovu bwana, springi zitadumuje?" Kauli hiyo ina ukweli nusu. Matela mawili yanapita njia moja, kuanzia Batini, Gongoni mpaka Mbuyuni, moja linamaliza misimu kadhaa na springi zake, jingine linakata kila baada ya miezi michache. Njia ni ile ile, mashimo ni yale yale. Kwa hiyo lazima kuna kitu kingine, na kitu hicho kiko mikononi mwetu. Hebu tukiangalie kimoja baada ya kingine.

SPRINGI INAFANYAJE KAZI

Springi ya tela ni pleti kadhaa za chuma zilizopindwa kama upinde na kupangwa moja juu ya nyingine, ndefu kuliko zote ndiyo yenye macho mawili ya kupitisha pini. Wengine wanaiita pleti mama. Jicho la mbele linafungwa kwenye chesisi mahali pamoja, la nyuma linashikwa na kikono kinachobembea, kwa sababu springi ikilazwa na mzigo inarefuka kidogo na lazima ipate pa kwenda. Katikati kuna senta bolti inayozishika pleti zisihame, na yubolti zinazoibana springi yote kwenye ekseli. Halafu kuna zile bangili za chuma zinazozikumbatia pleti pembeni.

Chuma chenyewe si chuma cha dirisha. Ni chuma maalumu, kwa mfano SUP9 kwa viwango vya Japani au 60Si2Mn kwa viwango vya China. Kiwandani kinapashwa moto kama nyuzi 850 za sentigredi, kinazamishwa kwenye mafuta, kisha kinapashwa tena kwa moto mdogo, kama nyuzi 450 hadi 500, ili kiwe kigumu lakini kisiwe cha kuvunjika kama glasi. Shikeni jambo hili la moto, tutalirudia.

Springi haifi kwa siku moja. Inachoka. Kila inapopinda na kurudi, kama kuna doa la kutu, mkwaruzo au tundu, ufa mdogo sana unaanzia hapo, unakua kidogo kidogo, mpaka siku moja chuma kilichobaki hakiwezi tena. Uchovu huu wa chuma alianza kuupima kwa mpangilio Mjerumani August Wöhler katika karne ya 19, alipokuwa akichunguza ekseli za mabehewa ya treni. Aliona kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule unaokivunja kwa mara moja, ilimradi mzigo huo urudiwe mara nyingi. Ndiyo maana dereva anasema "nimekata mahali pazuri kabisa, hata shimo hakuna". Ni kweli, shimo lilikuwa la miezi mingi iliyopita.

LUMBESA INAUA SPRINGI

Hapa ndipo penye moyo wa mada yangu, wadau.

Huku kwetu mzigo unahesabiwa kwa gunia. Mwenye tela la tani 5 anasema napakia gunia 50 za kilo 100, basi niko sawa. Lakini ile si gunia, ile ni lumbesa! Imejazwa, ikashindiliwa, ikaongezewa kichwa na kushonwa kwa kamba. Tuseme lumbesa moja ni kilo 130. Gunia 50 zinakuwa kilo 6,500, yaani kilo 1,500 zaidi ya uwezo wa tela, na mwenye tela wala hajui.

Sasa oneni hesabu yake. Kwa makadirio ya kihandisi, maisha ya chuma kinachochoka hayapungui sawasawa na mzigo unavyozidi, yanapungua kwa kasi zaidi. Kwa mfano tu, tukichukua kipeo cha 5, mzigo uliozidi kwa asilimia 30 unayapunguza maisha ya springi kiasi cha kubaki robo hivi. Springi ya kukaa miezi 12 inakaa miezi 3 na siku kidogo. Halafu tunasema springi za siku hizi feki.

Na kinachouma zaidi ni kwamba nauli nayo inalipwa kwa gunia. Zile kilo 30 za juu umezibeba bure. Mkulima kapunjwa, mwenye tela kavunjiwa springi, aliyefaidi ni mnunuzi peke yake. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu kufungasha mazao kwa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakipiga kelele miaka nenda rudi. Kila mtu anaiona lumbesa kama tatizo la mkulima. Mimi nasema ni tatizo la mwenye tela pia, na siku wenye matela wakikubaliana kutoza kwa kilo badala ya gunia, lumbesa itapungua yenyewe maana haitakuwa na wa kuibeba bure.

Kwa mkonge hali ni hiyo hiyo kwa namna nyingine. Katika jani bichi la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Ukibeba tani moja ya majani, nyuzi ni kama kilo 40, kinachobaki ni maji na nyama ya jani. Jani lililokatwa leo ni zito, na macho hayawezi kukadiria uzito wake kwa kuangalia ujazo wa tela. Mchanga uliolowa ni vivyo hivyo, bodi inaonekana haijajaa kumbe uzito umeshapita.

Na hiyo barabara tunayoilaumu? Marekani, katika jimbo la Illinois, walifanya majaribio makubwa kati ya 1958 na 1960, malori yakazungushwa kwenye vipande vya barabara kuona yanavyoiharibu. Kilichotoka pale ni kanuni kwamba uharibifu wa lami unaongezeka kwa karibu kipeo cha 4 cha uzito wa ekseli. Zidisha mzigo wa ekseli kwa asilimia 30, uharibifu unakaribia mara 3. Lami ya kutoka Dumila mpaka hapa Rudewa ni kilometa 45, na kipande cha Rudewa hadi Kilosa mjini ni kilometa 24. Tuliisubiri sana. Mzigo unaoua springi ndio huo huo unaochimba mashimo, halafu mashimo yanarudi kuua springi. Mduara huo.

Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 imeweka tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi mawili mawili kila upande, na gari zima lisizidi tani 56. Lakini msichanganye mambo: hicho ni kipimo cha kuilinda barabara. Tela lako la kuungaunga linaweza kuwa na uwezo wa nusu ya hapo. Kupita mizani salama hakumaanishi springi zako ziko salama.

YUBOLTI ZILIZOLEGEA

Baada ya mzigo, adui wa pili ni yubolti. Kazi yake ni kuibana springi katikati ili sehemu ile isipinde kabisa. Lile tundu la senta bolti ndipo springi ilipo dhaifu kuliko kote, kwa hiyo pakibanwa vizuri, udhaifu ule hausumbui. Yubolti ikilegea, katikati panaanza kupinda, na ufa unaanzia kwenye tundu. Wakati mwingine ni senta bolti yenyewe inayokatika, ekseli inahama na tela linatembea kama kaa.

Springi mpya ikifungwa, pleti zinakaa, rangi na kutu vinasagika, nati inalegea bila mtu kuigusa. Kwa hiyo kaza tena baada ya kilometa 50 hadi 100 za mwanzo tela likiwa na mzigo, kisha iwe desturi kila unapolifanyia huduma. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo nati zote nne, usimalize moja ndipo uende nyingine. Kama una kitabu cha mtengenezaji fuata nguvu aliyoandika, kwa spana yenye kipimo. Na ukibadilisha springi badilisha na yubolti. Ya zamani imeshavutika, nyuzi zake zimeshachoka, utaikaza leo na kesho imelegea.

PINI, BUSHI NA KILE KIKONO CHA NYUMA

Kikono cha nyuma kikikamatwa na kutu, springi haina pa kurefukia. Badala ya kubembea inajikunja karibu na jicho, na hapo ndipo itakapokatikia. Bushi ikiisha, pini inagongagonga, tundu linakuwa yai, ekseli inakaa upande na matairi yanalika kwa ndani au kwa nje.

Dawa yake ni rahisi mno: grisi. Piga bomba mpaka uone grisi chafu imetoka na safi imefuata. Wakati wa masika, tela likipita kwenye udongo mweusi wa mbuga na madimbwi, piga kila wiki. Lakini msipake grisi ya kawaida nje kwenye pleti zenyewe kama wanavyofanya baadhi ya vijana. Vumbi la huku likikutana na grisi linageuka msasa. Pleti zikifunguliwa, zisafishwe kutu kwa brashi ya waya, zipakwe grisi nyepesi ya grafaiti katikati, zifungwe. Basi.

KUCHANGANYA PLETI NA KUCHOMELEA

Hapa naomba mafundi wenzangu wasinune. Tela linalala, tunachukua pleti moja nene ya lori kubwa tunaichomeka katikati ya pleti nyembamba, tunasema tumeongeza nguvu. Tatizo ni kwamba ugumu wa pleti unaongezeka kwa kipeo cha 3 cha unene wake. Pleti ya milimita 13 kati ya pleti za milimita 10 inabeba peke yake zaidi ya mara 2 ya mzigo wa mwenzake mmoja. Haigawani mzigo na wengine, inaubeba yenyewe na ndiyo itakayokatika kwanza, halafu wenzake wanafuata. Kama lazima uongeze, ongeza ya unene ule ule na mpindo ule ule, na kwenye springi zote mbili, kushoto na kulia.

La pili, kuchomelea. Pleti iliyokatika haichomelewi, na kitu chochote kisichomelewe juu ya springi. Mnakumbuka moto wa kiwandani niliousema? Moto wa kuchomelea unayeyusha chuma na kuvuruga kazi yote ile, pembeni mwa kiungo panabaki pagumu na pa kuvunjika. Kuipasha pleti iliyolala kwenye mkaa na kuipiga nyundo ipinde tena ni hivyo hivyo. Itapinda, ndiyo, na itapendeza, lakini italala tena au itakatika. Hata cheche za kuchomelea bodi zikidondokea springi zinaacha madoa, na ufa hupenda doa. Funika springi kwa gunia bichi unapochomelea juu yake.

MWENDO

Barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, matuta, na zile rasta za kwenye lami, vyote vinapiga springi. Kwenye mshindo, springi inaweza kubeba kwa sekunde moja mara 2 au zaidi ya mzigo uliopakia. Na nishati ya mshindo inakwenda kwa mraba wa mwendo: kutoka kilometa 20 kwa saa kwenda 40, ni mara 4. Trekta lilikuwa linazilinda springi kwa upole wake. Siku hizi tela lile lile linafungwa nyuma ya pikapu na kukimbizwa, wakati halina hata shokapu. Punguza mwendo kabla ya tuta, sio juu ya tuta, maana ukifunga breki juu yake unaisokota springi huku inapigwa.

SOMA ILIPOVUNJIKIA

Usitupe pleti iliyokatika kabla hujaisoma. Ni shahidi wako huyo.

1. Imekatikia kwenye tundu la katikati: yubolti zililegea.

2. Imekatika pembeni kidogo ya yubolti, pleti kadhaa pamoja: mzigo umezidi, au mwendo.

3. Imekatika karibu na jicho: kikono kimekamatwa au bushi imekufa.

4. Pleti mama imekatika peke yake katikati ya njia, nyingine nzima: angalia bangili. Tela likiruka shimo, springi inarudi juu kwa nguvu, na kama bangili hazipo pleti mama inabeba yote peke yake.

5. Upande mmoja tu ndio unaokata kila mara: mzigo unapangwa upande, au chesisi imepinda.

Kisha angalia uso wa chuma kilichokatika. Sehemu yenye kutu na weusi ni ufa wa zamani, sehemu inayong'aa ni ya siku ile. Kama sehemu kubwa ni nyeusi, springi ilikuwa inakuomba msaada muda mrefu na hakuna aliyeinama kuiangalia. Kama karibu yote inang'aa, ilizidiwa kwa mpigo mmoja au chuma chenyewe kilikuwa hakifai.

MATELA YA SAFARI NA KAMBI

Wapo pia wadau na wageni wanaokokota matela ya kulala kuelekea Mikumi. Haya yana ugonjwa wake. Mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya lami za Marekani yana springi nyembamba, bushi za plastiki na bolti zisizo na tundu la grisi. Kwenye vumbi plastiki inaisha haraka, chuma kinasaga chuma. Badilisha ziwe bushi za shaba na bolti za kupigia grisi. Na kwa tela la ekseli mbili, chunguza kile chuma cha katikati kinachogawa mzigo kati ya ekseli, pamoja na matundu yake. Tela likae usawa likishafungwa kwenye gari, maana pua ikiwa juu au chini, ekseli moja inaweza kuelemewa. Uzito wa kwenye ndoano uwe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Haya yana matangi ya maji, betri, friji na mitungi ya gesi, na mara nyingi uwezo wa springi umeshakaribia kuisha kabla hata hujaweka begi.

UKAGUZI WA DAKIKA KUMI

Asubuhi kabla ya kupakia, simama nyuma ya tela uangalie kama limelala upande. Inama. Gonga kila springi kwa nyundo ndogo: nzima inalia, iliyopasuka au kulegea inatoa sauti ya debe. Tafuta mstari wa kutu mwekundu unaochuruzika kati ya pleti au kwenye yubolti, hiyo ni dalili ya kitu kinachotembea. Pangusa tope upande wa juu wa pleti mama karibu na yubolti, maana pale ndipo chuma kinapovutwa na ufa hupenda kuanzia hapo. Jaribu nati kwa spana. Pima umbali kutoka jicho la mbele mpaka ekseli kwa kamba, kushoto na kulia, ziwe sawa.

Ukikuta pleti moja imekatika, usiseme zimebaki sita zitatufikisha. Hizo sita sasa zinafanya kazi ya saba, na ya saba ndiyo ilikuwa dhaifu au ndiyo ilikuwa ya kwanza kuelemewa. Na hata springi zikiwa mpya kabisa, watu wasipande juu ya mzigo.

Barabara tuendelee kuidai, ni haki yetu. Lakini kupima mzigo, kukaza nati na kupiga grisi hakuhitaji bajeti ya wizara.

Nawasilisha.